Maji ya Jumanne

Barua ya ofisi ya maji ilisomwa mbele ya baraza la Tamalut Alhamisi moja ya mwezi Desemba, saa nne asubuhi. Ilisema kwamba kijito kinachopita chini ya daraja letu kimepimwa mara kumi na nne katika misimu mitano ya zeituni, na mara zote kumi na nne kimekutwa katika hali njema. Kilibaki kipimo kimoja tu, cha mwanzo wa Januari. Kipimo hicho kikitoka kama vilivyotangulia, ofisi haitakuwa na pingamizi lolote juu ya Bwana Bassou Uakrim kuongeza mashine ya pili katika kinu chake.

Mimi nilikuwa nimeketi benchi la nyuma. Asubuhi ile ile, kabla ya kuja barazani, nilikuwa nimesimama ukingoni mwa kijito hicho chenye hali njema nikiwazuia wanafunzi wangu wasikanyage maji. Yalikuwa meusi kama kahawa iliyolala, yananuka siki na uozo, na povu la rangi ya kutu limeganda kwenye mawe. Ndivyo yanavyokuwa tangu Novemba hadi Januari, kinu kinapofanya kazi. Zeituni zikikamuliwa, mafuta huingia pipani, mashudu hurundikwa uani, na maji machungu yanayobaki humwagwa kwenye mfereji wa saruji unaoishia kijitoni. Kinu kiko juu ya mlima, mwendo wa saa moja kwa miguu. Sisi wa Tamalut ya Chini tuko chini yake.

Barua ilipokwisha kusomwa, Itto alisimama.

Itto ni binti wa marehemu kaka yake Bassou. Nilimfundisha kusoma na kuandika katika chumba ninachofundishia hadi leo, na sasa yuko chuo kikuu anaandika tasnifu yake ya udaktari juu ya wadudu wadogo wanaoishi ndani ya vijito. Kwa miaka miwili alikuwa akija kila mwezi na mabuti ya mpira, wavu wa mkono, sinia jeupe, kibano na chupa ndogo za spiriti. Huingia majini, akachokoa mawe kwa mguu huku wavu umekinga upande maji yanakoelekea, kisha akamwaga kilichonaswa kwenye sinia na kuwatenga wadudu mmoja mmoja. Wanawake waliokuwa wakifua walimcheka sana mwanzoni. Tuda, jirani yangu, mjane mwenye ulimi usiopumzika, alimwambia kwamba kama shida yake ni wadudu, angemletea kondoo wake mmoja aliyejaa chawa amalize udaktari kwa siku moja.

Mbele ya baraza Itto alieleza kwa utulivu kuliko ambavyo mimi ningeweza. Alisema maji yanayopita leo hayawezi kusimulia ya jana, kwa sababu ya jana yameshakwenda. Lakini mdudu anayeishi chini ya jiwe mwaka mzima kabla ya kuota mabawa hana pa kukimbilia. Akikutwa hai, maji yamekuwa mazuri siku zote alizokaa pale. Akikosekana, kuna siku yalimuua. Juu ya kinu alikuwa amepata aina thelathini na moja, wakiwemo wale bapa wenye mikia miwili ambao hufa wa kwanza hewa ikipungua majini. Chini ya kinu, kuanzia mfereji hadi darajani, alipata aina mbili, na zaidi ni vibuu vyekundu vyembamba kama uzi, ambavyo huishi mahali pasipoweza kuishi kitu kingine.

Mhandisi Sebti wa ofisi ya maji, mtu wa mjini, nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamjibu kama mtu anayemrudishia mtoto daftari lenye makosa. Alisema wadudu ni jambo la kupendeza, lakini serikali hupima kwa vifaa. Vifaa vimepima hewa iliyomo majini, vimepima uchafu, na vimetoa jibu moja mara kumi na nne. Je, baraza lichague vifaa au wavu?

"Wavu wa kuvulia viroboto," Bassou akaongeza, na benchi la mbele likacheka. "Marehemu kaka yangu aliuza nyumbu ampeleke binti yake shule. Angejua, angebaki na nyumbu wake."

Itto aliketi. Aliniangalia mara moja, nami nikatazama chini. Kwa hilo bado ninaona haya.

Baraza lilipovunjika nilimwomba mwenyekiti nakala ya barua pamoja na jedwali la vipimo, akanipa bila kuuliza, kwa kuwa walimu hujulikana kwa kupenda karatasi. Nilikwenda nayo nyumbani nikakusudia kutafuta kosa. Nilikagua hesabu, sikuliona. Nilikagua mahali, palikuwa ni darajani, gari linapoweza kusimama. Nikakagua saa: saa nne, saa nne, saa nne. Kazi ilikuwa imepangwa vizuri, na mimi ni mtu wa kuheshimu kazi iliyopangwa vizuri. Ndipo nilipotoa kalenda za shule za miaka mitano, ambazo huzihifadhi, nikaanza kutia alama kila tarehe. Alama ya tano ilipoangukia mahali pale pale pa zile nne, nilisimamisha kalamu. Nilipomaliza, zote kumi na nne zilikuwa zimejipanga katika safu ya Jumanne. Jumanne ya kwanza ya kila mwezi.

Jumanne ni siku ya gulio.

Anayekaa Tamalut anajua maana yake, na asiyekaa hawezi kuikisia. Kwetu hakuna familia inayoacha zeituni zake zikamuliwe bila mtu wake kukaa kando. Utakwenda na magunia yako, mkate wako na birika lako, utakaa mbele ya kinu tangu zeituni zinapomiminwa hadi tone la mwisho liingie kwenye dumu lako, la sivyo utajuaje kwamba mafuta unayokula ni ya miti yako? Mwenye kinu naye hathubutu kukamua zeituni za mtu asiyekuwepo, maana likipungua bakuli moja ataitwa mwizi mpaka kwa wajukuu. Na kwa kuwa siku ya gulio watu wote wako gulioni, hakuna wa kukaa kinuni. Hivyo Bassou huzima mashine Jumatatu jua linapotua, na hawashi tena mpaka Jumatano alfajiri. Kijito chetu kina mteremko mkali na maji ya kasi. Usiku mmoja unatosha. Jumanne saa nne, pale darajani, unaweza kuona kila kokoto.

Nilivuka njia nikamkuta Tuda anakunja mablanketi ya sufu. Nikamuuliza hufua siku gani wakati wa zeituni.

"Jumanne, mwalimu. Siku gani nyingine? Maji husafika Jumanne, hata punda anajua, siku hiyo hunywa bila kupigwa."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu wa ofisi ya maji, anayesimamisha gari hatua kumi kutoka mahali anapofulia.

"Aliniuliza?" akasema. "Miaka mitano anashuka garini, anavuka mbele yangu, hata salamu hatoi. Anachukua maji yake, anakwenda kununua asali na paja la kondoo. Ningemkimbilia nimwambie nini? Kwamba leo nimefurahi kwa sababu kuna maji?"

Nami pia nilijua. Shule yangu huteka maji ya kuoshea sakafu Jumanne. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiandika ratiba hiyo na kuibandika mlangoni, kwa mwandiko mzuri. Sote tulikuwa tumejifunza kuishi siku moja katika wiki, tukaipanga vizuri, na mpango wetu ulikuwa umetutolea ushahidi wa uongo mara kumi na nne.

Kesho yake Itto alichukua kalenda zangu akapanda gari kwenda mjini, kwenye ofisi ya maji. Alirudi baada ya siku mbili, akaja kwangu moja kwa moja kabla hata ya kuvua koti. Alisimulia kwamba Mhandisi Sebti alizitazama kalenda kwa makini na wala hakukana. Ilikuwa kweli, alisema, Jumanne walikuwa wameichagua kwa sababu dereva na yeye hupata mahitaji ya nyumbani gulioni, na hakuona ubaya wake. Itto alimwomba kipimo cha Januari kifanywe Jumatano, siku moja tu mbele. Hapo mhandisi alitikisa kichwa. Kipimo, alisema, hakina thamani kisipofanywa siku ile ile, saa ile ile na mahali pale pale. Akibadilisha siku ya mwisho, zile kumi na nne zitakuwa hazina maana. Itto, kama mwanasayansi, anapaswa kulielewa hilo.

"Alinifundisha, Ustadh," Itto alisema. "Alinifundisha maana ya utaratibu. Nikamwambia, wale wadudu wanakaa pale Jumatano pia. Akaniambia nikimaliza tasnifu nimpelekee nakala, mke wake anapenda mambo ya maumbile."

Tuda alikuwa ameingia kuleta mkate wa shayiri, akaganda mlangoni anasikiliza. Aliuweka mkate mezani.

"Kwa hiyo hawezi kuja Jumatano," alisema.

Hawezi, Itto alijibu.

"Basi tumpelekee Jumatano yake siku ya Jumanne."

Sikumwelewa upesi. Yeye alieleza kama anayeeleza namna ya kukanda unga. Mwenye kinu hawezi kumfukuza mtu aliyefika na zeituni zake na mkate wake. Hiyo ni desturi, na haikuwahi kusema isipokuwa Jumanne. Mashine huzimwa siku hiyo kwa sababu tu hakuna aliyewahi kwenda Jumanne. Nyumba za Tamalut ya Chini zilikuwa bado na zeituni darini. Zikifika zote Jumanne alfajiri, Bassou atafanya nini?

Jambo hilo halikuwa jepesi kama lilivyosemwa. Kukosa gulio la mwanzo wa Januari ni kukaa wiki nzima bila sukari, bila majani ya chai, bila gesi, na kwa wengine ni kukosa kuuza yule kondoo mmoja aliyenenepeshwa kwa ajili hiyo. Tuda alipita nyumba kwa nyumba. Sijui alisema nini katika kila nyumba, ila niliambiwa kwamba katika moja aliwauliza kama wanafua nguo zao kwa ruhusa ya Bassou, na katika nyingine alimwita baba wa nyumba jina ambalo siliandiki. Nyumba kumi na tisa zilikubali. Mbili zilikataa.

Jumanne ile ya Januari kulikuwa na barafu nyembamba njiani. Nilifunga shule, jambo ambalo sijawahi kulifanya bila kibali, nikapanda nao mlimani. Tulifika kinuni kabla ya jua, nyumbu na punda mmoja nyuma ya mwingine, magunia yanavuja juisi, wanawake wameketi mbele ya mlango na birika zao kana kwamba ni siku yoyote. Bassou alitoka akiwa amevaa jalaba safi la kwendea gulioni.

"Lalla Tuda, leo ni Jumanne."

"Tunajua siku, Sidi Bassou. Zeituni zangu ndizo hazijui. Zinaanza kuoza."

"Njooni kesho."

"Nimekuja leo. Nina mkate na nina birika. Unanifukuza?"

Bassou si mjinga. Macho yake yalizunguka mpaka yakamwona Itto, amesimama nyuma ya nyumbu wa mwisho na mabuti yake ya mpira, na nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika alipofahamu. Alitazama barabara ya kuteremkia darajani, halafu akayatazama magunia. Angeweza kukataa. Lakini angekataa nyumba kumi na tisa kwa pamoja, mbele ya mashahidi, na Novemba inayofuata zingepeleka zeituni zao ng'ambo ya mlima. Alivua jalaba akalitundika kwenye msumari.

"Wa kwanza nani?" alisema.

Mashine iliwashwa. Tuliwaacha nusu ya watu wakilinda mafuta yao, sisi wengine tukateremka na maji. Nasema tukateremka nayo, kwa kuwa tulitembea ukingoni na weusi ule ukatupita katikati ya njia, ukatangulia. Tulipofika darajani, saa tatu na nusu, kijito kilikuwa kimeshakuwa kile tunachokijua siku sita za wiki.

Gari la ofisi lilifika saa nne kamili. Mhandisi Sebti alishuka, akafika ukingoni, akarudi nyuma hatua moja na kufunika pua kwa kitambaa. Kisha akamwambia dereva wake, mzee mmoja mpole aitwaye Haddu, arudishe masanduku garini.

"Leo hatupimi," alitangaza. "Maji haya si ya kawaida. Kazi yetu ni kupima hali ya kawaida."

Nimefundisha miaka ishirini na miwili, na kwa miaka yote hiyo sijapata kumpazia mtu sauti hadharani. Siku ile niliipaza. Nilimuuliza kawaida ya nani. Nilimuuliza kama watu waliosimama mbele yake hawakuwa wa kawaida, na kama kijito kina siku moja tu ya kuhesabiwa ndani ya wiki. Nilimwambia alimkatalia binti huyu Jumatano kwa jina la utaratibu, na sasa utaratibu uko mbele yake, siku ile ile, saa ile ile, mahali pale pale, na yeye ndiye anayetaka kuukimbia. Nilisema na mengine. Nilipomaliza nilikuwa ninahema.

Aliyesema ni Haddu, ambaye alikuwa bado ameshika sanduku la chupa.

"Bwana, karatasi inasema Jumanne, saa nne, darajani," alisema polepole. "Miaka mitano wewe unakaa garini na mimi ninainama hapa. Leo niiname wapi?"

Hakungoja. Alishuka, akapiga magoti penye jiwe alilolizoea, akajaza chupa ya kwanza, akaifunga na kuifuta kwa kiganja. Akajaza ya pili. Kisha akatia kifaa cha kupimia hewa ndani ya maji na kukisoma kwa sauti. Mhandisi alisema kimeharibika, akitie tena. Alikitia tena. Namba ilikuwa ile ile, karibu na sifuri. Akakitia mara ya tatu bila kuambiwa.

Mhandisi Sebti alichukua fomu na kalamu yake, akaandika namba kwa sababu sasa watu zaidi ya arobaini walikuwa wamezisikia. Mwisho wa fomu kuna mistari miwili ya maelezo. Hapo aliandika: tukio la muda.

Itto alikuwa amesimama begani pake, akayasoma. Aliingia majini hadi magotini, akapapasa chini kwa mikono miwili, akainua jiwe kubwa kama mkate, akamletea na kuligeuza mbele ya uso wake. Upande wa chini ulikuwa na utelezi mweusi mnene, na ndani ya utelezi vilikuwa vinajinyonganyonga vibuu vyekundu, vingi mno, hakuna kingine.

"Hawa hawakuja leo asubuhi, bwana mhandisi," alisema. "Hawa wamezaliwa hapa. Wanachukua wiki kadhaa kukua hivi. Niambie, kwa wiki zote hizo hilo tukio lako la muda lilikuwa wapi?"

Maji yalimchuruzika mikononi yakaangukia viatu vya mhandisi. Alilitazama jiwe muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kutazama chini ya jiwe la kijito alichokipima miaka mitano. Hatimaye akapiga mstari juu ya maneno yake, akatia sahihi pembeni ya mstari, akamuuliza Itto wadudu wale wanaitwaje, ili aandike ipasavyo. Itto akamtajia.

Alikuwa bado anaandika Bassou alipofika, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko, amekimbia njia nzima. Aliiona karatasi, akaziona chupa. Hakumtazama mhandisi hata kidogo.

"Umeuza damu yako kwa minyoo," alimwambia Itto.

"Minyoo ndiyo uliyotuachia, Ami," alijibu, akalirudisha jiwe majini mahali alipolitoa.

Ruhusa ya mashine ya pili haikutolewa. Mwezi wa Machi Bassou aliamriwa achimbe shimo la kukaushia maji yake, mbali na kijito, kabla ya kukamua tena, na amelichimba, akitutukana sote kila koleo. Hasemi na Itto. Itto bado huja kila mwezi. Mara ya mwisho alikaa ukingoni na sinia lake kwa saa nzima, akahesabu, akaandika, akaniambia kwamba chini ya kinu aina sasa ni nne. Juu ni thelathini na moja. Nilimuuliza itachukua muda gani mpaka zilingane, na alisema ikiwa hakuna atakayemwaga kitu tena, labda miaka mitano.